Sura ya Tatu: Anayesikiliza Ndiye Somo

Mawasiliano ya umma ni taaluma inayochunguza namna ujumbe mmoja, uliotengenezwa na watu wachache ndani ya taasisi yenye vifaa na utaratibu wake, unavyowafikia watu wengi wasiofahamiana, na mambo yanayotokea baada ya ujumbe huo kuwafikia. Sehemu ya mwisho ya maelezo haya ndiyo inayosahaulika kwa urahisi zaidi. Vijana wengi wanaojaza fomu za kuomba nafasi katika shahada hii huwa wamevutwa na sauti waliyoizoea redioni au na sura waliyoizoea katika runinga, na wazazi wao nao huamini kwamba mtoto anakwenda kusomea utangazaji, kana kwamba miaka mitatu ya chuo kikuu inahitajika ili mtu afundishwe kukaa mbele ya kipaza sauti. Ufundi wa sauti na kamera umo katika shahada, na una uzito wake, lakini hauchukui miaka mitatu. Kinachochukua miaka mitatu ni kujifunza kumjua mtu asiyeonekana, yaani msikilizaji, msomaji au mtazamaji, ambaye wanataaluma humwita kwa jina la jumla la hadhira.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inaonyesha ugumu wa jambo hili. Neno kutangaza lilikuwapo kabla ya redio, nalo lilikuwa na maana ya kupeleka habari kwa watu wote wa mahali fulani, na mbiu ya mgambo ilipolia kila aliyeisikia alijua kuna jambo. Mpiga mbiu aliwajua watu wa mji wake, aliziona nyuso zao zikibadilika, na aliyekuwa hakuelewa aliweza kumsogelea na kumuuliza. Mtangazaji wa redio amerithi kitenzi hicho bila kurithi nyuso hizo. Anasema na watu wa mikoa kadhaa kwa wakati mmoja, hajui nani amezima redio katikati ya sentensi, na wala hajui kama aliyebaki ameelewa alichokusudia yeye au ameelewa jambo jingine kabisa. Pengo hilo kati ya anayesema na anayesikiliza ndilo lililozaa taaluma nzima, na mwanafunzi asiyelielewa mapema hupata taabu kuona kwa nini anafundishwa takwimu, saikolojia na sosholojia pamoja na uandishi wa habari.

Kihistoria, uandishi wa habari uliingia chuo kikuu kabla ya mawasiliano ya umma. Mwaka 1908 Chuo Kikuu cha Missouri nchini Marekani kilifungua shule ya uandishi wa habari chini ya Walter Williams, na lengo lake lilikuwa la kiufundi, yaani kuwafunza vijana kukusanya habari, kuziandika na kuzihariri. Taaluma ya mawasiliano kwa maana pana zaidi ilikua baada ya vita kuu mbili kuwafanya wataalamu wa siasa, saikolojia na sosholojia waulize kwa nini watu hukubali wanachoambiwa. Harold Lasswell, aliyechunguza propaganda za Vita Kuu ya Kwanza, alipendekeza mwaka 1948 kwamba kila tendo la mawasiliano lichambuliwe kwa kuuliza nani anasema, anasema nini, kwa njia ipi, kwa nani, na kwa matokeo gani. Wilbur Schramm, ambaye mwaka 1943 alianzisha masomo ya uzamivu katika mawasiliano ya umma katika Chuo Kikuu cha Iowa, aliyapa maswali ya namna hiyo makao rasmi chuoni. Shule za habari za Marekani zikapokea elimu hiyo mpya bila kuacha ule ufundi wa zamani, na ndiyo sababu hadi leo shahada hii ina miguu miwili, mmoja katika karakana na mwingine katika maktaba.

Afrika Mashariki iliupokea mguu wa karakana kwanza. Taasisi ya mawasiliano ya umma ya Kenya ilianza mwaka 1961 ikiwa shule ya kufunza mafundi wa utangazaji, na Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua shule yake ya uandishi wa habari mwaka 1970. Nchini Tanzania shule ya uandishi wa habari ya serikali ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1975, ikitoa mafunzo ya stashahada kwa ajili ya vyombo ambavyo karibu vyote vilikuwa mikononi mwa dola na chama, na mwaka 2003 iliunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako leo inajulikana kama Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma. Mwanza, kituo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa Nyegezi na Kanisa Katoliki mwaka 1960 kiligeuka mwaka 1998 kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, ambacho wahitimu wake wa mawasiliano ya umma wamejaa katika vyumba vya habari vya nchi. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa kimeanza shahada yake mwaka 1988.

Tarehe hizo zina sababu. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Sheria ya huduma za utangazaji ya mwaka 1993 iliporuhusu watu binafsi kumiliki vituo, redio na runinga za binafsi zilizuka kwa kasi, magazeti yakaongezeka, na waajiri wakatafuta vijana waliofunzwa wasiwapate. Vyuo viliitikia haja hiyo, na vilifanya vyema kuitikia. Hata hivyo haraka ile iliacha alama, kwa kuwa vipo vyuo vilivyofungua milango vikiwa na kamera chache na wahadhiri wachache zaidi, na mwanafunzi akajikuta anafundishwa uhariri wa video kwa chaki.

Mwaka wa kwanza wa shahada huanza na nadharia, na hapo ndipo malalamiko huanza. Nadharia, kwa maana ya kitaaluma, ni maelezo yaliyopangwa kuhusu sababu ya jambo, yanayoweza kupimwa dhidi ya ushahidi. Mwanafunzi wa Mwanza au Iringa anasomeshwa utafiti uliofanywa katika wilaya ya Erie, jimbo la Ohio, wakati wa uchaguzi wa urais wa Marekani wa mwaka 1940, na ni haki yake kuuliza unamhusu nini. Paul Lazarsfeld na wenzake walitarajia kuona redio na magazeti yakiwageuza wapiga kura moja kwa moja, lakini walikuta kwamba wapiga kura wengi waliathiriwa zaidi na watu waliowaamini miongoni mwao, ambao wenyewe walikuwa wasikilizaji na wasomaji wakubwa. Dhana hiyo huitwa mtiririko wa hatua mbili, kwa kuwa ujumbe hutoka katika chombo hadi kwa mtu anayeaminika, kisha hutoka kwake hadi kwa wengine. Yeyote aliyekaa katika kijiwe cha kahawa cha Pwani, ambako mmoja husoma gazeti kwa sauti na wengine humsikiliza na kumpinga, ameiona hatua ya pili ikifanyika mbele ya macho yake. Kosa la ufundishaji mwingi ni kuieleza Erie na kukiacha kijiwe.

Kosa hilo ni kubwa zaidi kwa sababu Tanzania yenyewe ni mahali ambapo baadhi ya majaribio muhimu ya taaluma hii yalifanyika. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, ambavyo kila kimoja kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa na vijitabu vya kusomea, na baada ya kipindi kumalizika wanakikundi walijadiliana na kuamua la kufanya, iwe ni kuchimba choo, kufyeka nyasi au kufukia madimbwi yanayozaa mbu. Waandaaji hawakuiachia redio kazi yote. Walijua kwamba sauti kutoka Dar es Salaam huishia masikioni isipopata kikao cha kuipokea, na wakakitengeneza kikao hicho kwa makusudi.

Miaka 20 baadaye ulifuata mfano ambao ungestahili wiki nzima ya mihadhara katika kila chuo cha eneo hili. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa kuigiza uitwao Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na ukimwi, na mhusika wake mmoja mkuu aliitwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi njiani, ambaye mwenendo wake ulimfikisha kwenye maradhi yaliyokuwa yakiua watu wa kila mtaa wakati huo. Mchezo ulipendwa, lakini kupendwa peke yake hakuthibitishi chochote, kwa sababu watu wanaweza kuupenda mchezo na kuendelea na maisha yao kama kawaida. Kilichoutofautisha ni utaratibu wa utafiti ulioambatana nao. Kwa kuwa Dodoma ilikuwa na mtambo wake wa kurushia matangazo, mtambo huo ulipangwa urushe vipindi vingine katika saa za mchezo, na hivyo kwa miaka miwili eneo la Dodoma likawa eneo la kulinganishia, yaani sehemu ya watu wanaofanana na wengine kwa mambo mengi isipokuwa lile moja linalopimwa. Watafiti, miongoni mwao Peter Vaughan, Everett Rogers na Arvind Singhal, waliwahoji watu mwaka baada ya mwaka ndani na nje ya eneo hilo.

Matokeo yalionyesha kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi pale mchezo uliposikika kuliko Dodoma, na kwamba wasikilizaji wengi walikuwa wameuzungumza mchezo huo na wenzi wao wa ndoa. Mwaka 1995 Dodoma nayo ilianza kuupata mchezo. Msomaji aangalie jinsi vipande vinavyokamatana: mtiririko wa hatua mbili ulioonekana Ohio unarejea katika chumba cha mume na mke wa Kitanzania, ambapo jina la Mkwaju linakuwa njia ya kusema jambo ambalo bila Mkwaju lingekuwa aibu kulitamka. Wakati huohuo linazuka swali la maadili ambalo darasa zuri halilikwepi, yaani kama ni haki kuwanyima watu wa mkoa mmoja, kwa miaka miwili ya janga, ujumbe unaodhaniwa kuwa unaokoa maisha, ili tu ijulikane kama kweli unaokoa. Mwanafunzi aliyelijadili swali hilo kwa saa mbili ameielewa mbinu ya utafiti kuliko aliyekariri kurasa 40 za maana za istilahi.

Nadharia nyingine mbili zinahitaji kutajwa kwa sababu zinamgeuza mwanafunzi atazame upande wa pili, ndani ya chumba cha habari. Ya kwanza ni ya mlinzi wa lango. David Manning White, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1950, alimwomba mhariri wa gazeti dogo la Marekani aeleze kwa kila habari iliyomfikia kutoka mashirika ya habari kwa nini aliitumia au aliitupa, na ikabainika kwamba karibu sehemu tisa kati ya kumi ziliachwa, nyingine kwa kukosa nafasi na nyingine kwa sababu ya mapendeleo ya mhariri mwenyewe. Ya pili ni ya uwekaji ajenda, iliyotokana na utafiti wa Maxwell McCombs na Donald Shaw kwa wapiga kura 100 wa Chapel Hill wakati wa uchaguzi wa mwaka 1968, ambayo inasema kwamba vyombo vya habari havina nguvu kubwa ya kumwambia mtu aamini nini, ila vina nguvu kubwa ya kumwonyesha mambo ya kuyafikiria. Mtu akizishika nadharia hizi mbili, hausomi tena ukurasa wa mbele wa gazeti kama kioo cha nchi, bali huuliza habari za kijiji kipi ziliachwa ili habari ya semina ya hotelini ipate nafasi.

Karakana nayo inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndipo nadharia ya hadhira inapogeuka kuwa sentensi. Ichukuliwe kwamba mwanafunzi wa mwaka wa pili amepewa taarifa kwa vyombo vya habari inayosema kuwa halmashauri, kupitia idara yake ya afya, inapenda kuutaarifu umma kwamba jumla ya wagonjwa 14 wameripotiwa kulazwa kufuatia mlipuko wa kipindupindu unaohusishwa na matumizi ya maji yasiyo salama, ambapo hatua stahiki zinaendelea kuchukuliwa. Anatakiwa aiandike upya kwa ajili ya taarifa ya habari ya redio ya saa saba mchana. Mwanafunzi mvivu hufupisha. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri hugundua kwanza kwamba taarifa ile haina habari, kwa sababu haisemi maji ya wapi, wala hatua stahiki ni zipi, wala mama anayeteka maji saa hiyo afanye nini. Anainua simu, anamtafuta afisa afya, anauliza, kisha anaandika: Watu 14 wamelazwa kwa kipindupindu. Wote walikunywa maji ya kisima kimoja, na kisima hicho kimefungwa leo asubuhi. Maafisa wa afya wanawataka wakazi wachemshe maji ya kunywa.

Sentensi hizo tatu zinabeba mafunzo ya muhula mzima. Ni fupi kwa sababu msomaji wa gazeti akipotea anaweza kurudi mstari wa juu, lakini msikilizaji wa redio hana mstari wa juu wa kurudia. Zinaanza na watu na si na halmashauri, kwa sababu anayesikiliza anataka kujua kwanza nani ameumia. Neno kufuatia limeondolewa, kwa sababu katika Kiswahili cha watu kufuatia ni kwenda nyuma ya kitu, na matumizi yake kwa maana ya kwa sababu ya yamezoeleka katika taarifa za ofisini pasipo kumsaidia anayesikiliza kuelewa lolote. Zaidi ya yote, sentensi ya tatu imo kwa sababu mwandishi alimfikiria mtu mwenye ndoo.

Masomo ya sheria na maadili hufuata, nayo si ya kupita tu. Mwanafunzi wa Tanzania husoma Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 kuhusu uhuru wa maoni, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliyochukua nafasi ya Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kashfa, yaani kosa la kumvunjia mtu heshima kwa maneno yasiyo ya kweli. Kanuni za maadili husomwa kupitia kazi za Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa mwaka 1995 na wanahabari wenyewe ili kusuluhisha malalamiko bila kwenda mahakamani. Somo gumu kuliko yote ni la bahasha, ile fedha anayopewa mwandishi mwishoni mwa mkutano kwa jina la nauli. Kuilaani darasani ni rahisi. Haki inadai mwanafunzi aelezwe pia kwamba waandishi wengi wa mikoani hawana mkataba na hulipwa kwa kila habari inayochapishwa, tena malipo madogo, hivyo anayeikataa bahasha mara nyingi huikataa akiwa na njaa. Mhadhiri anayelificha jambo hilo humpeleka mwanafunzi kazini bila silaha.

Kati ya mihula huja mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wenyewe huyaita fildi. Kwa wiki kadhaa mwanafunzi hukaa katika kituo cha redio, gazetini au katika kitengo cha uhusiano wa umma, ambacho kazi yake ni kuiunganisha taasisi na watu inaowahudumia. Baadhi ya vyuo vina vyombo vyao, kama Mlimani vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na redio ya Mtakatifu Agustino, na humo mwanafunzi hukosea mapema, mahali ambapo kosa lake linaweza kurekebishwa.

Kuhusu ajira, ukweli ni kwamba sheria ya mwaka 2016 na kanuni zake zilifanya stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu kwa mwandishi wa habari, wala hazikudai shahada. Mwenye shahada basi hashindani kwa cheti tu. Wahitimu wengi huishia nje ya vyumba vya habari, wakiwa maafisa habari wa wizara, mikoa na halmashauri, wasemaji wa benki na mashirika ya hiari, au waandaaji wa kampeni za afya, na hakuna aibu katika hilo, mradi afisa habari akumbuke kwamba taarifa ile ya hatua stahiki iliandikwa na mtu mwenye kazi kama yake.

Linabaki jambo la lugha, ambalo ndilo jeraha la shahada hii. Mihadhara, vitabu, mitihani na tasnifu ya mwaka wa mwisho, yaani utafiti mdogo ambao kila mwanafunzi huufanya na kuuandikia ripoti, vyote kwa kawaida viko kwa Kiingereza, ilhali redio, runinga na magazeti mengi yanayomsubiri mhitimu hutumia Kiswahili. Mwanafunzi humhoji mvuvi wa Nyegezi kwa Kiswahili, huyatafsiri majibu yake kwa Kiingereza ili apate alama, kisha akiajiriwa huanza upya kuitafuta lugha ya mvuvi. Katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafunzi huandika tasnifu kwa Kiswahili hadi ngazi ya uzamivu, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba lugha hii haimudu kazi ya kitaaluma. Kiingereza kibaki, kwa kuwa vitabu vingi na habari nyingi za dunia hufika kwa lugha hiyo. Lakini vyuo vya mawasiliano ya umma vimruhusu mwanafunzi anayechunguza hadhira ya Kiswahili aandike tasnifu yake kwa Kiswahili, na nakala moja ipelekwe katika kituo cha redio cha mahali ulipofanyika utafiti, ili watu waliohojiwa wapate kusikia kilichosemwa juu yao.